Mama Helikopta Anapanda Meli

Ijumaa hii, tarehe thelathini, mwenzetu tunayemwita Mama Helikopta anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja katika ofisi hii ya tiketi na bima za safari. Jumanne inayofuata atapanda meli na mzee wake, waelekee kusini kabisa kwenye bahari za barafu, mahali ambapo amewapeleka wateja wengi na yeye mwenyewe hajawahi kufika. Wengi wenu mmeshampongeza kwa safari hiyo. Msichokijua ni kwamba nusura isiwepo, na waliokaribia kuifuta ni sisi wenyewe, tena kwa mapenzi na keki juu yake. Tutafika huko. Mwenyewe ameagiza wasifu uanze mwanzo, na sisi tuliokaa naye tunajua kuwa agizo lake halina rufaa.

Alianza kazi kama karani wa tiketi, enzi ambazo ofisi ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la viatu, na feni ilipowashwa kila mtu alilazimika kuzikalia karatasi zake. Bima wakati huo haikuwa na mwenyewe. Ilikuwa karatasi ya mwisho kabisa, ambayo mteja aliisaini akiwa ameshasimama, mkoba begani, anauliza choo kiko wapi. Mama naye aliigonga muhuri kama wenzake, akaita anayefuata.

Kilichombadilisha ni mwalimu mkuu mmoja mstaafu, mwanamke mwenye sauti ya kunyamazisha shule nzima, aliyekuja kuulizia tiketi ya kurudi ambayo hakuitumia. Alikuwa amesafiri kwa meli ya utalii hadi kwenye visiwa vya mbali, akateleza kwenye ngazi za melini, akavunjika nyonga. Bima yake, aliyoikata kwingine, ilitimiza kila ilichoahidi: ilimpeleka kwenye hospitali ya karibu. Hospitali hiyo ilijua kuzalisha na kutibu homa, na manesi wake walikuwa watu wa roho nzuri, ila daktari wa mifupa hakuwepo. Kampuni ikasema kazi yake imeishia hapo. Yule mwalimu alilala pale akitazama dari mpaka wanawe walipopata njia ya kumrudisha nyumbani, na kufikia wakati huo mfupa ulikuwa umeshaunga upande.

Mama alimsikiliza, akamwomba arudie, kisha akaomba kuuona mkataba. Aliusoma wote, pamoja na yale maandishi madogo ya nyuma ambayo sisi wengine huyachukulia kuwa mapambo. Maneno yaliyomtesa mwalimu yalikuwa pale waziwazi, "hospitali ya karibu", na hakuna aliyekuwa amemwonyesha. Kesho yake Mama alimwendea bosi wa wakati ule, akamwambia kwamba kuanzia siku hiyo bima zote za meli ziletwe mezani kwake, na mteja atasaini akiwa amekaa.

Ndipo yalipozaliwa maswali yake matatu, ambayo hata mlinzi wa getini anaweza kuyataja. Ukiugua huko, nani anakuchukua? Anakupeleka wapi? Na nani anaamua? Mteja akijibu kwamba melini kuna daktari, Mama hukubali kwa kichwa, kisha humweleza kuwa daktari wa melini ana dawa, ana kitanda na ana huruma, lakini mara nyingi hana chumba cha upasuaji mkubwa. Bima ya kufaa ni ile inayokutoa melini, ikakupandisha ndege yenye daktari, ikakufikisha kwenye hospitali ya kwenu unayoitaka wewe. Na anayeamua ni kituo cha dharura cha kampuni pamoja na daktari anayekutibu, kwa hiyo ndugu zako wasikimbilie kukodi ndege kwa pupa halafu wakapeleka risiti. Ukishayajibu hayo ndipo unaruhusiwa kuuliza kama chumba chako melini kina dirisha.

Kwa wale wasioshawishika kwa maneno lilikuwepo tufe la dunia. Mama ana uzi mwekundu wa kufumia, ameukata kwa urefu ambao helikopta inaweza kwenda baharini na kurudi salama. Mteja huweka kidole mahali ambapo meli itakuwa mbali zaidi na nchi kavu. Mama hushika ncha ya uzi kwenye mji wa karibu wenye kiwanja cha ndege, kisha huunyoosha. Kwenye bahari za barafu uzi haufiki hata robo ya njia. Hapo hueleza kwamba helikopta haiji. Meli yenyewe itageuza na kusafiri kuelekea nchi kavu, pengine siku mbili au zaidi, ndipo mgonjwa apate ndege. Jina lake la utani lilitokana na uzi huo, na aliyempa alikuwa mkandarasi mmoja aliyeingia akijipiga kifua kwamba hajawahi kumeza hata kidonge cha kichwa. Alipouona uzi ukiishia majini alivuta kiti, akaanza kukumbuka maradhi yake moja baada ya jingine: sukari, shinikizo la damu, na goti.

Msidhani kuwa yeye mwenyewe ni mtu wa bahari. Mara moja kampuni ya meli ilimwalika kutembelea meli iliyokuwa imefungwa gatini, akapata kichefuchefu kabla kamba hazijafunguliwa. Alirudi ofisini amepauka, akatuambia meli ni nzuri sana, na akaomba tusimwulize zaidi.

Waliomshukuru ni wengi, lakini tutamtaja mmoja kwa sababu alama yake mnaiona kila siku. Fundi mmoja wa mapazia alishikwa na kidole tumbo akiwa melini, mbali na kila kitu. Meli ikageuza, ndege ikamsubiri, na siku aliyofika alifanyiwa upasuaji katika hospitali iliyo mtaa wa pili kutoka kwake, mkewe akiwa mlangoni na chupa ya uji. Alipopona alitushonea mapazia ya ofisi nzima kwa kitambaa alichokichagua mwenyewe. Ni yale ya rangi ya chungwa lililoiva kupita kiasi. Wateja wapya huyashangaa kabla hawajatusalimia, na kila bosi aliyejaribu kuyabadilisha ameambiwa na Mama aanze kwanza kuubadilisha uso wake.

Hata hivyo, Mama si malaika. Amegombana na kila mashine ya kuchapisha iliyowahi kuletwa hapa, na ana tabia ya kukunyang'anya biskuti huku akikuhubiria kuhusu sukari yako. Kuna kampuni moja ya bima ambayo wafanyakazi wake walirushiana simu kila walipoisikia sauti yake. Miaka kadhaa aliwaandama waandike kwenye mkataba, kwa Kiswahili ambacho mtu hahitaji wakili kukielewa, kwamba mgonjwa atarudishwa kwenye hospitali ya nyumbani atakayoichagua. Siku walipokubali alitununulia soda sote, akaubandika ukurasa huo ukutani, na kwa wiki nzima aliyepita mbele yake bila kuusoma aliitwa arudi.

Sisi wa mauzo ametufundisha kazi mmoja mmoja. Mimi ninayeandika haya, ambaye meza yangu imetazamana na yake kwa miaka tisa, nilifundishwa kwa mtindo wa kunyang'anywa kalamu. Ukitaka kumjibia mteja swali la afya yake, hata kama unamfahamu, hata kama ni mjomba wako, kalamu inakutoka mkononi. Mteja ajibu mwenyewe, na ajibu ukweli, maana huko baharini uongo wake hautamtibu. Wengine walimwona mkali. Mimi leo nikijaza fomu bado naificha kalamu kidogo akipita nyuma yangu.

Sasa tuje kwa Shemeji. Mzee wake ni fundi lifti mstaafu, na ofisi nzima tunamwita Shemeji, hata wale ambao kwa umri wangekuwa wajukuu zake. Ni mtu mpole mwenye ugonjwa mmoja ambao hauna dawa: hawezi kupita mbele ya lifti bila kuikosoa. Mlango unachelewa, kamba inalia, na aliyefunga taa hizi alikuwa na haraka ya kwenda wapi. Miaka yake yote ya kazi alishinda ndani ya mashimo ya majengo, kwenye joto na harufu ya grisi, na ndani ya kabati lake la vifaa alibandika picha ya mlima wa barafu aliyoikata kwenye kalenda. Alikuwa akisema kwamba siku moja atasimama mahali penye baridi na nafasi. Miaka michache iliyopita moyo wake ulimsumbua, madaktari wakamwekea kijibomba cha kuuzibua mshipa, akapona, na kabla hajaruhusiwa kwenda nyumbani alikuwa ameshazikosoa lifti zote za hospitali.

Miezi mitatu iliyopita Mama alitangaza kwamba anastaafu, na siku chache kabla ya hapo wawili hao walikuwa wamelipia sehemu ya kwanza ya nauli ya meli. Hapa wasio watu wa bima naomba mnivumilie kidogo. Kwa kampuni tunazofanya nazo kazi, ukishalipa sehemu ya kwanza ya safari unapewa wiki mbili. Ukikata bima ndani ya wiki hizo, na siku hiyo ukawa mtu anayefaa kusafiri, magonjwa yako ya zamani yanaingia kwenye bima. Zikipita, yanabaki nje. Kwa Shemeji maana yake ilikuwa kwamba wiki mbili zikiisha, moyo wake utasafiri bila bima. Na Mama alikuwa ameshaapa kwamba hampeleki mumewe huko uzi usikofika akiwa na moyo usio na bima, hata kama ni kuiacha meli iondoke na vitanda vyao vitupu.

Ajabu ni kwamba bingwa wetu alishindwa kuchagua. Kwa mgeni aliyeingia kutoka mtaani huamua kabla chai haijapoa. Kwa mumewe alizunguka na vitabu vya kampuni tatu, asubuhi anakisifu hiki, jioni anakikashifu. Kampuni ya kwanza ilikuwa na ndege nzuri lakini ilikuwa na maneno yake kuhusu moyo. Ya pili iliukubali moyo lakini iliishia hospitali ya karibu. Ya tatu ilikuwa sawa kila upande, na kwa sababu hiyo hakuiamini.

Nasi badala ya kumsaidia tukamwandalia zawadi. Wazo lilikuwa la Bosi, na sote tulilishangilia: tumkatie Mama na Shemeji bima ya kuhamishwa kwa dharura, ya kifahari kuliko zote, tumkabidhi kwenye chai ya kumpongeza, na asijue lolote mpaka siku hiyo. Fikirini watu wazima, tena watu wa bima, wanaikata bima kwa siri. Kila Mama alipokaa achague, Bosi alimletea kazi nyingine, au alimwambia avute subira kidogo, kuna mpango mzuri unakuja. Mama akangoja, maana Bosi si mtu wa maneno matupu.

Siku ya chai alikabidhiwa bahasha yenye utepe wa dhahabu. Akavaa miwani. Keki ikasubiri, sahani zikasubiri, na Mama akausoma mkataba wote akiwa amesimama, mbele na nyuma. Ulikuwa mkataba wa kifahari kweli. Ulilipia mizigo iliyochelewa, ulilipia mbwa aliyebaki nyumbani, ulilipia hata vifaa vya gofu vya Shemeji, ambaye hajawahi kushika fimbo ya gofu maishani mwake. Mama alishusha miwani, akauliza kwa upole, "Maswali ya moyo kajibu nani?"  Maswali ya moyo yalikuwa yameachwa wazi, kwa sababu kumwuliza Shemeji kungeiharibu siri, na kampuni ilipoyaona yako wazi iliandika chini kwamba magonjwa ya zamani hayamo. Akauliza tena, "Na inampeleka wapi?" Bosi alijibu kwa sauti ya mtu anayejibu polisi kwamba inampeleka hospitali ya karibu.

Mama alicheka mpaka akatafuta kiti. Alisema amefundisha miaka yote hii na darasa zima limefeli siku moja, mwalimu akiwepo. Tukacheka naye, Bosi akiwa wa mwisho. Kisha macho yake yakaenda kwenye kalenda ya ukutani, na kicheko kikakatika. Wiki mbili zilikuwa zinaisha kesho yake. Akiwa na kipande cha keki mkononi, alisema mbele yetu sote kwamba anaogopa. Hatukuwahi kulisikia neno hilo kinywani mwake. Alisema mzee amelingoja jambo hili tangu watoto wakiwa shule ya msingi, na hajui aingie nyumbani na uso gani.

Asubuhi alimwita Shemeji ofisini. Siku hizi tuko ghorofa ya nne, na lifti ya jengo ilikuwa imekufa tangu mwanzo wa wiki. Tulimngoja. Alifika akiwa amechelewa, uso unang'aa jasho, akatueleza bila kuulizwa kwamba kila ghorofa alisimama kidogo kuukagua mlango wa lifti, ndiyo maana amekawia. Mama alimwonyesha kiti cha wateja. Nyumbani humwita Baba. Pale alimwita ndugu mteja, na Shemeji akacheka. Akaanza kumwuliza. Kifua je? Hakisumbui. Usingizi? Mzuri. Ngazi? Anapanda vizuri tu, hamna neno.

Mama akafunika kalamu. Sisi tunaomjua tulielewa kuwa mambo yameharibika. Alimwambia taratibu, "Umekagua milango ya lifti ghorofa zote hizo, na hujaukosoa hata mmoja."  Shemeji hakuwa ametazama mlango wowote. Alikuwa akisimama kila ghorofa kutafuta pumzi, na alikuwa akifanya hivyo kwa majuma kadhaa popote penye ngazi. Nyumbani kwao hakuna ngazi, kwa hiyo hakuna aliyegundua. Aliificha hali hiyo kwa sababu alijua akiisema safari imekwisha. Alikiri yote hayo akitazama viatu vyake, kisha akasema, "Nilitaka nifike tu, Mama. Hata nikiugua huko, nitakuwa nimefika."

 Mama hakumkaripia. Alimjibu kwamba yeye hataki kufika tu, anataka na kurudi, tena wakiwa wawili. Akachukua mkoba wake, akamwambia wanakwenda kwa daktari wa moyo sasa hivi. Daktari akikubali, sawa. Akikataa, watakaa nyumbani, wafungue friza na kuitazama barafu iliyomo. Shemeji alicheka huku akifuta macho. Bosi alikuwa ameshashika funguo za gari, akawaendesha mwenyewe, na tumeambiwa kwamba njia nzima alikuwa akiomba radhi kupitia kioo cha nyuma.

Mchana ule hakuna aliyefanya kazi ya maana. Kampuni ya bima ingefunga jioni, na baada ya hapo hakuna ambaye angeweza kutusaidia. Dada wa mapokezi alipokea simu akataja jina la ofisi aliyokuwa akifanya kazi zamani. Mhasibu wetu, ambaye hatujawahi kumwona akisali hadharani, alifumba macho muda mrefu mbele ya kompyuta iliyozimika. Mimi niliipanga meza ya Mama, nikaipangua, nikairudisha ilivyokuwa kwa kuogopa kuulizwa. Kila mlio wa kiatu kwenye ngazi ulitufanya tuinue vichwa.

Walirudi alasiri. Tuliwasikia kabla hatujawaona: Mama anacheka, na sauti ya Shemeji inapanda kidogo kidogo, kwa vituo, ikieleza kwamba mlango wa lifti wa ghorofa ya pili umepinda na aliyeufunga angestahili kurudishwa chuoni. Dada wa mapokezi alianza kupiga makofi hata kabla hawajaingia. Daktari alikuwa amemtembeza Shemeji kwenye mashine na kuupiga moyo wake picha. Kijibomba kiko wazi, moyo uko imara. Kilichokuwa kikimchosha ni kidonge kimoja cha shinikizo, ambacho kilimfaa zamani na sasa kilikuwa kikiyapunguza mapigo yake kupita kiasi. Alipunguziwa dozi, akaambiwa awe anatembea, na daktari akaandika kwamba anafaa kusafiri.

Tulimpigia mama anayeamua nani akubaliwe katika ile kampuni ya tatu, mtu aliyebishana na Mama wetu kwa miaka mingi, tukamweleza kila kitu: kijibomba, kidonge, ngazi, hata ile hadithi ya milango ya lifti. Alicheka, akausoma ujumbe wa daktari, akauliza maswali yake mengi kwa Shemeji mwenyewe, kisha akaukubali moyo wote bila kuacha kitu nje. Ile bima ya gofu Bosi aliirudisha siku hiyo hiyo. Na tangu wakati huo Shemeji huja hapa mara kwa mara kupanda ngazi zetu kwa mazoezi, ingawa lifti imeshatengenezwa, tena kwa kufuata maelekezo yake mwenyewe.

Likabaki jambo moja. Kwa kanuni za kazi yetu, wakala hasaini bima ya mtu wa nyumbani kwake. Mama akanitazama mimi. Nikazunguka meza, nikakaa kwenye kiti chake, yeye akakaa upande wa wateja pamoja na Shemeji, na nikaona kwamba hajui aiweke wapi mikono. Alikuwa ameichagua ile kampuni ya tatu, aliyoishuku kwa kukosa kasoro. Nilimwuliza maswali yake matatu: nani atawachukua, atawapeleka wapi, na nani ataamua. Alijibu yote, akanisahihisha njiani, na mara moja akanyoosha mkono aichukue kalamu. Niliisogeza.

Kipengele cha mwisho huuliza nani apigiwe simu likitokea jambo. Anatakiwa awe mtu aliye nchi kavu, anayezijua dawa za wasafiri, anayeweza kuzungumza na madaktari bila kuchanganyikiwa, na anayepokea simu. Mama na Shemeji wana watoto wawili, wazuri wote. Mkubwa hapokei namba asiyoijua, na mdogo huanza kulia kabla hajaambiwa habari yenyewe. Shemeji alimtaja wa kwanza, Mama akatikisa kichwa. Akamtaja wa pili, Mama akatikisa kichwa. Kisha akaanza kunitajia namba polepole, huku ananitazama usoni, nami naandika kama nilivyofundishwa, bila kumjibia mteja. Nilikuwa nimeshafika katikati ndipo nikagundua kwamba namba ninayoiandika ni yangu. Niliinama nikamalizia zilizobaki, na sikuziona vizuri.

Mama, tunakushukuru kwa kila mteja uliyemkalisha, kwa kila kampuni uliyoitoa jasho, na kwa kalamu zetu zote ulizozinyang'anya. Nenda na mzee wako mkaione barafu, mvae makoti, mpige picha nyingi, mrudi wawili. Tunawaombea afya, raha, na miaka mingi ya kukaa pamoja bila saa ya kuingia kazini. Simu yangu haizimwi.